Mrejesho: gari langu la mbio limeacha kuyumba

Ndugu zangu, nashukuru sana. Niliuliza kwa nini gari nililojiundia hapa Mikindani linayumba nyuma likikaribia kilomita 140 kwa saa. Wengi mlinielekeza kwenye injini, lakini aliyesema "tazama mshale" ndiye aliyenifungua macho. Mshale hunyooka kwa sababu uzito uko mbele na manyoya yako nyuma. Langu lilikuwa kinyume. Nimehamishia betri mbele, nimefunga sakafuni vyuma vya kilo 40 kwa bolti (si mifuko ya mchanga!), na nyuma nimechomelea pezi la bati.

Tairi nazo. Ubavuni nilikuta 0913, yaani wiki ya 9 ya mwaka 2013, na herufi S, yaani kasi yake ya mwisho ni kilomita 180 kwa saa. Mpira ulishapasuka nyufa nyembamba kama uzi. Nimechukua za V, mwisho 240, na valvu za kujazia upepo za chuma, maana valvu za mpira hupinda zenyewe gurudumu likizunguka kasi.

Jumamosi, kwenye njia ya shamba la mikorosho tuliyoifunga pande zote, lilifika 150 limenyooka. Siongezi hata moja kabla sijamaliza kizimba cha mabomba, cha kumkinga dereva gari likipinduka. Mke wangu kaniapisha, na ana haki.