Hamlet na kifo: nitaandikaje kuhusu lugha bila kuorodhesha nukuu?

Mwanainsha
Wadau, nina insha kuhusu mtazamo wa Hamlet, yule mwanamfalme wa tamthilia ya Shakespeare, juu ya kifo unavyojitokeza katika lugha yake. Nukuu ninazo tele, lakini zikikaa pamoja zinakuwa orodha tu. Nianzie wapi?

Ukumbi_wa_Nyuma
Usilisake neno "kifo". Angalia kwenye sentensi ni nani anayekufa.

Chukua tendo la 1 onyesho la 2, kisha tendo la 3 onyesho la 1, uzisome kalamu mkononi, ukizungushia kila nafsi ya kwanza umoja. Kule mwanzo Hamlet anatamani mwili uyeyuke uwe umande, analalamika kwamba Mungu amekataza mtu kujiua, na dunia inamchosha *yeye*. Halafu njoo kwenye hotuba yake ya "kuwa au kutokuwa", ya tendo la 3: mistari zaidi ya 30, na "mimi" haimo hata mara moja mpaka amwone Ophelia, msichana aliyempenda. Ni "sisi" na vitenzi visivyo na mtenda: kufa, kulala, pengine kuota. Kifo kimegeuka hoja ya mdahalo. Katazo la Mungu nalo halitajwi tena. Kinachomzuia mtu sasa ni ndoto asizozijua.

Halafu anasema kifo ni nchi ambayo msafiri harudi, ilhali ameshaongea na mzuka wa baba yake! Hapo pana aya nzima, usipapite.

Bi Tamthilia
Naongezea makaburini, tendo la 5 onyesho la 1. Lugha ni nathari, na "mimi" imerudi: alibebwa mgongoni na Yorick, mchekeshaji wa mfalme ambaye fuvu lake analishika, aliibusu midomo ambayo sasa haipo. Fuata pia mnyororo wa Alexander Mkuu: alikufa, akazikwa, akawa vumbi, vumbi ni udongo, udongo unaziba pipa la bia. Vishazi vifupi, kila kimoja kikishika mkia wa kilichotangulia, na roho haina nafasi popote.

Mlinganishe Hamlet na mchimba kaburi, ambaye kwake kifo ni kazi. Anataja muda wa maiti kuoza kama fundi anayetaja bei: miaka 8 au 9, ila ya mtengeneza ngozi 9 kamili, kwa kuwa ngozi yake imekaushwa na kazi na haipitishi maji upesi.

Mwanainsha
Asanteni sana. Na mwishoni, kabla ya pambano la panga? Naona wengi wanaandika "amekuwa mcha Mungu".

Ukumbi_wa_Nyuma
Wanaishia pale Hamlet anaposema hata shomoro haanguki bila mpango wa Mungu, kisha wanafunga daftari. Soma sentensi inayofuata: masharti matatu mfululizo, kama ni sasa, kama si sasa, na kifo hakitajwi kwa jina. Maneno ni mafupi, hayana sitiari. Mimi naona huo ni utayari zaidi ya imani, ingawa shomoro ametoka kwenye Injili ya Mathayo na huwezi kumfuta.

Bi Tamthilia
Taja toleo unalotumia. Katika chapa ya 1603 hotuba ya "kuwa au kutokuwa" ni fupi, iko mapema zaidi, na ina tumaini la furaha baada ya kufa. Ukichanganya nukuu zake na za chapa ya 1604 au 1623, hoja yako ya hofu inajipinga yenyewe. Na andika "Hamlet anaona", usiandike "Shakespeare anaona"; mchimba kaburi naye ni wa Shakespeare.