Naomba ushauri, wanafunzi wa la sita hawajui kusoma vizuri

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Nafundisha huku Ilemela, Mwanza, la sita, wanafunzi 83. Hawa ndo walikuwa la kwanza 2020 shule zilipofungwa Machi 17 mpaka Juni 29 sababu ya korona, silabi hawakuzishika na kila mwaka wanapanda tu. Juzi binti nimemwekea kidole kwenye neno "sangara" akasoma "samaki", kumbe kaangalia picha, roho iliniuma sana. Nimejaribu kuwagawa kwa uwezo nusu saa kabla ya kipindi cha kwanza ila wakubwa wanaona aibu wanachelewa makusudi, homuweki nayo ngumu maana baba usiku yuko ziwani kwenye dagaa, mama alfajiri yuko mwaloni, samaki wanaposhushwa. Mliofanikiwa mliyapangaje makundi bila kuwaaibisha? Na mada zipi za Kiswahili niziweke pembeni kwanza?