Krismasi inaanza Oktoba: mnafanyaje ili Majilio yasimezwe na maduka?

MamaWaChumbageni

Habari za jioni, wanajukwaa. Naomba ushauri wa watu wenye familia, hususan wa hapa Tanga, kuhusu jambo linaloninyima raha kila mwaka.

Tangu katikati ya Oktoba, kabla hata mvua za vuli hazijakolea, baadhi ya maduka ya mjini yamekwisha kutundika taa za rangi na kupiga nyimbo za Noeli kwa spika zilizowekwa mlangoni, na simu yangu haipumziki kwa ujumbe wa bahati nasibu za msimu wa sikukuu, mikopo ya papo kwa papo na makapu ya zawadi. Watoto wangu husoma mabango hayo kila wanapopita, na wamekwisha kuniorodheshea vitu ambavyo mwaka juzi hata majina yake hawakuyajua. Linaloniumiza si fedha peke yake, ingawa Januari itakuja na ada, sare na madaftari kama kawaida yake. Naona kwamba ikifika tarehe 25 Desemba nyumba nzima imekwisha kuichoka sikukuu ambayo kwa kalenda ya kanisa ndiyo kwanza inaanza. Je, ninyi mnafanyaje? Nisingependa kuambiwa nizime redio, maana spika ya duka la jirani haizimiki kwa rimoti yangu.

Katekista_Makorora

Tumsifu Yesu Kristo, Mama. Kuwakataza watoto kusikia na kuona hakutakufikisha mbali, kwa sababu utakuwa umewaachia wiki nyingi za kungojea zisizo na kitu ndani yake, na duka liko tayari kuzijaza. Afadhali uwape Majilio yenyewe, yaani kipindi cha Jumapili nne za kujiandaa kwa Noeli, ambacho kina mambo yake ya kufanya.

Majilio huanza Jumapili iliyo karibu zaidi na sikukuu ya Mtakatifu Andrea, tarehe 30 Novemba, kwa hiyo haiwezi kuwa kabla ya tarehe 27 Novemba wala baada ya tarehe 3 Desemba. Katika misa za Jumapili hizo nne padre huvaa zambarau, na wimbo wa Utukufu hauimbwi, ili utakaposikika usiku wa Noeli watu wausikie kama wimbo uliokosekana. Watoto wanaielewa hali hiyo upesi kuliko watu wazima, mradi waonyeshwe. Nyumbani kwetu tunatengeneza shada la Majilio kwa matawi ya mvinje, ambayo hapa pwani hayana bei, tukaweka mishumaa minne na kuwasha mmoja zaidi kila Jumapili jioni wakati wa sala. Desturi hiyo inatokana na mchungaji wa Kilutheri, Johann Wichern, aliyeianzisha mwaka 1839 huko Hamburg kwa ajili ya watoto waliokuwa wakimsumbua kwa kumuuliza Noeli itafika lini. Utaona kwamba tatizo lako limekwisha kuwakuta wengine.

Pango la Noeli nalo hatulijengi kwa siku moja. Wanyama hutangulia, wachungaji hufuata, na hori hubaki tupu hadi usiku wa tarehe 24. Baada ya hapo sikukuu haiishi kwa sahani za mchana wa tarehe 25, kwani kipindi cha Noeli huendelea hadi Ubatizo wa Bwana katika Januari, na sisi tumezihamishia ziara za ndugu na zawadi ndogo za watoto katika siku hizo za baadaye, hadi Epifania, sikukuu ya Mamajusi. Maduka wakati huo yamekwisha kunyamaza, na mambo hufanyika kwa utulivu.

DukaNgamiani

Assalaam aleykum kwa wanaohusika, na salamu kwa wote. Mimi ni Mwislamu na ninauza nguo za watoto na vitambaa, kwa hiyo mnaweza kunihesabu miongoni mwa washtakiwa, lakini naomba niseme neno.

Mzigo wa Desemba hatuununui Desemba. Anayeagiza kutoka China kwa kontena hulazimika kulipa miezi kadhaa kabla, na sisi wa rejareja tunaofuata mzigo Kariakoo tunajua kwamba kadiri sikukuu inavyokaribia ndivyo bei ya jumla inavyopanda na saizi za watoto zinavyokwisha. Tena wateja wangu wengi si watu wa mshahara. Mama anayeuza samaki au vitumbua hawezi kutoa fedha za nguo za watoto wanne kwa mara moja, kwa hiyo huanza Oktoba, anaweka kidogo kidogo, na mimi ninamwekea mzigo wake pembeni. Nendeni pia kwa fundi cherehani yeyote wa Ngamiani wiki ya tatu ya Desemba mkaone foleni ilivyo, na msikie bei anayowatajia waliochelewa. Kwa watu hawa kuanza mapema ndiyo nafuu yao. Mkitaka kulalamikia taa na spika, lalamikieni, kwa sababu hata mimi zinanichosha na ninazisikia kutwa nzima, ila msichanganye kelele na maandalizi.

Kwetu pia hali ni hiyo hiyo. Ramadhani, ambayo kila mwaka hurudi nyuma takriban siku 11, haijaandama na tayari matangazo ya futari na kanzu yamejaa, na kuna watu ambao kumi la mwisho, lenye usiku wa Lailatul Qadri, huwakuta madukani badala ya msikitini.

Msambaa_wa_Mjini

Nakubaliana na ndugu wa duka kuhusu maandalizi. Kwangu gharama iliyokuwa ikiniumiza ni safari ya kwenda Lushoto na familia yote, kwa kuwa siku za karibu na tarehe 24 mabasi hujaa, na wapo wapiga debe wanaotaja nauli wanayoitaka wao. Tulikubaliana na ndugu zangu kwamba wazee wapelekewe fedha za kitoweo mapema, kisha sisi tupande mlimani baada ya tarehe 26, nafasi zinapopatikana. Mama alinung'unika mwaka wa kwanza, lakini sasa anasema wageni wanaokuja kwa awamu wanampa nafasi ya kuzungumza nao.

Mwalimu_Pongwe

Naomba nimpinge kidogo ndugu yangu wa Ngamiani. Maandalizi ya mteja wake anayeweka kidogo kidogo ni jambo la heshima, lakini si hayo yanayosukumwa na mabango. Marekani, ambako mtindo huu umeota mizizi, mpaka wa msimu ni Siku ya Shukrani ya Novemba, na mwaka 1939 Rais Franklin Roosevelt aliirudisha siku hiyo nyuma kwa wiki moja, kutoka tarehe 30 hadi tarehe 23, kufuatia maombi ya wenye maduka waliotaka muda mrefu zaidi wa mauzo ya Krismasi. Majimbo yakagawanyika, mengine yakafuata tarehe ya zamani, hadi sheria ya mwaka 1941 ilipoiweka kuwa Alhamisi ya nne ya mwezi huo. Hapo hapakuwa na mzigo uliochelewa wala fundi aliyezidiwa. Lilikuwa suala la kuongeza siku za kutamani, na leo hata mpaka huo hauheshimiwi.

Hapa kwetu tamaa hiyo inakutana na mkopo wa simu. Mzazi anakopa Desemba kwa sababu ujumbe umemfikia saa ya udhaifu wake, kisha Januari mtoto anakuja darasani bila madaftari, na mimi ndiye ninayemwona. Ushauri wangu kwako, Mama, ni kununua vifaa vya shule kwanza, hata mwezi huu wa Oktoba, na kuvifungia kabatini. Kitakachobaki ndicho kiwe cha sikukuu. Watoto wa shule ya msingi wana akili ya kutosha kuonyeshwa hesabu hiyo mezani, nao huipokea vizuri zaidi kuliko neno "hakuna".

MamaWaChumbageni

Nawashukuru sana. Hesabu ya mezani tutaifanya Jumamosi hii, na shada la mvinje nitawaachia watoto walitengeneze wenyewe. Suala la ziara za Januari nitalijadili kwanza na mume wangu, kwa sababu upande wa kwao hawatapenda kukosa wageni siku yenyewe. Ndugu wa Ngamiani, je, utaratibu wako wa kuweka kidogo kidogo unahusu sare za shule pia, au ni nguo za sikukuu tu?

DukaNgamiani

Unahusu hata sare, Mama. Vitambaa vya kaki na vya bluu vipo, na bei ninayokuandikia siku ya kwanza haibadiliki hadi umalize kulipa. Njoo asubuhi, kabla jirani yangu hajawasha spika.