Wana wa Fumba ⛵ (gumzo la kikundi)

JUMATANO

Zuhra: Assalaam alaykum wapendwa. Safari ya Jumapili ya kisiwani Kwale iko palepale, boti inaondoka Fumba saa 1 na nusu asubuhi. Mchango elfu 20 kwa kila nyumba.

Zuhra: Ila sitaki kuona tena yale ya Idi. Nusu ya watu walitapika na pilau ikarudi nyumbani haijaguswa. Boti inakwenda mrama mno siku hizi. Zamani haikuwa hivi. Leteni mawazo.

Saumu: Waalaykum salaam. Wazo: tubaki nyumbani 😂

Zuhra: Saumu nakuomba.

Zuhra: Nahodha Mudi, uko hewani nakuona.

Khamis Muscat: Huku wenye nazo wanafunga jairo. Gurudumu zito linazunguka kwa kasi ndani ya kasha, boti ikitaka kulala upande lenyewe linagoma. Kampuni ya Seakeeper wanazo hata za boti ndogo kama yetu.

Zuhra: Bei?

Khamis Muscat: Inapita dola 10,000. Na yenyewe ina zaidi ya kilo 150, bado betri.

Saumu: Kilo 150 si tumkalishe Shemeji Juma katikati, bure kabisa 🤣🤣🤣

Shemeji Juma: Nimeiona hii.

Bi Rukia: 😂😂 jamani mwacheni mkwe wetu

Makame Fundi: Mnacheka lakini ndiyo dawa yenyewe. Uzito ukae chini, ukae katikati. Nyinyi wa kwenu wote uko juu.

Zuhra: Juu wapi?

Makame Fundi: Dada, lile paa. Mabomba ya chuma, plaiwudi juu, halafu mnapandisha deli la barafu, madumu ya maji na watoto wanne. Faiba ya futi 23 hiyo, si meli.

Zuhra: @Mudi

Zuhra: @Mudi soma hapa

Makame Fundi: Mkitaka kujua, maji yakijaa ifungeni pale pwani, muisukume ubavu muiachie. Ikirudi upesi, salama. Ikilala halafu ikasita pale kama inafikiria kurudi au isirudi, hapo juu kuzito. Ile ya kusita haitapishi tu, inapindua.

Bi Rukia: A'udhu billah

Zuhra: Haya. Na tukitia farumi, uzito wa kutuliza boti, chini? Mifuko ya mchanga?

Makame Fundi: Mtaweza, ila kidogo, na mfunge. Mfuko ukiteleza upande mmoja umeongeza balaa. Na msizidishe, chombo kizito sana chini kinarudi kwa kunyakua, shingo zitawauma na matapishi yatabaki palepale.

Makame Fundi: Kabla ya mchanga, fueni maji ya ngama. Idi niliona maji yanakimbia chini ya mbao, boti ikilala yanakwenda kulekule inakolala. Na dumu la petroli lililo nusu ni vilevile, lisimamisheni mlifunge.

Saumu: Mimi nashauri tufunge mirengu kama ngalawa 😎

Makame Fundi: Ngalawa haitapishi mtu ovyo, ujue.

Mudi: Salaam. Nilikuwa kazini.

Mudi: Paa nililiweka kwa sababu nyinyi nyinyi mlilalamika jua. Shangazi alisema kichwa kinampasuka. Nikatoa pesa yangu, hakuna aliyetoa hata mia. Leo paa ndiyo adui.

Zuhra: Hakuna aliyesema adui.

Mudi: Kama kawaida. Anayefanya ndiye anayelaumiwa.

Bi Rukia: Mwanangu usinitie mimi. Nilisema kichwa kinauma, sikusema jenga ghorofa.

Saumu: GHOROFA 🤣🤣🤣🤣

Mudi: Na mashine ya boti, ile ya farasi 25, tuizungumze leo au tusubiri Idi nyingine?

Zuhra: Mudi. Yale yalikwisha kwa Mzee.

Mudi: Kwa nani yalikwisha?

Bi Rukia: Yaacheni hayo. Ushafika wakati wa Isha.

ALHAMISI

Zuhra: Tuendelee. Waliotoa mchango mpaka sasa: mimi, Makame, Khamis kwa simu. Kikundi kina watu 23.

Zuhra: Asha wa famasi, dawa?

Asha: Samahani nilikuwa zamu. Cinnarizine, masaa 2 kabla ya kupanda. Ukingoja mpaka ushaanza kutapika umechelewa, kidonge nacho kinatoka. Promethazine nayo inafaa lakini inalaza, basi nahodha haimhusu. Na watoto chini ya miaka 5 wasipewe cinnarizine, chini ya miaka 2 wasipewe promethazine kabisa.

Asha: Msipande na njaa, wala msijaze tumbo. Boflo kavu na chai ya tangawizi inatosha. Kaeni karibu na tezi (nyuma ya boti), chini, lakini si pale moshi wa mashine unapokuja. Macho yatazame mbali, Kwale au ukingo wa bahari. Sikio linajua chombo kinacheza, jicho likiwa kwenye simu linasema tumetulia, hapo tumbo linachanganyikiwa.

Zuhra: Wa kwanza kutapika Idi alikuwa anajirekodi. Simtaji.

Saumu: Nimetajwa 🙋🏾‍♀️

Asha: Na mwenye mimba asimeze chochote mpaka aje kwangu kwanza.

Saumu: Nani ana mimba??? 👀

Bi Rukia: Nani?

Khamis Muscat: 👀👀

Shemeji Juma: Asiangaliwe mtu upande huu.

Saumu: Shemeji umejibu haraka 😂😂😂

Zuhra: JAMANI. Boti.

Makame Fundi: Tena jambo moja limesahaulika. Idi walitapika zaidi tulipotia nanga, si njiani. Kikisimama chombo kinafuata mkondo, mawimbi yanakuja ubavuni. Safari hii tutie nanga mbili, ya omo (mbele) na ya tezi, omo iyatazame mawimbi.

Makame Fundi: Na ndoo ya lita 20 tuitie jiwe, tuininginize kwenye upondo uliotoka nje ya ubavu, izame kama pima moja. Boti ikiinuka upande ule ndoo inabisha, ikishuka kamba inalegea na jiwe linaivuta tena chini. Mrama haukwishi, ila unapungua, mtu anaweza kula.

Zuhra: Hiyo nimeipenda. Ndoo naleta mimi.

Makame Fundi: Na njiani Mudi usiende moja kwa moja mawimbi yakiwa ubavuni. Yakate kwa bega la omo, kisha geuka uyapokee nyuma. Kona mbili tu. Petroli itakwenda zaidi kidogo.

Mudi: Najua kuendesha.

Makame Fundi: Sikusema hujui.

Mudi: 👍🏾

Zuhra: Basi tumekubaliana: Jumapili saa 1 na nusu, nanga mbili, ndoo, dawa kwa Asha, deli na madumu yote chini, HAKUNA mtoto juu ya paa. Samaki nimeshaagiza.

Ami Haji: 🎤 Sauti (3:12)

Bi Rukia: Ami Haji kasema.

Khamis Muscat: Shikamoo Ami

Saumu: Shikamoo Ami 🙏🏾

Zuhra: Shikamoo Ami. Naandika kwa walio kazini. Ami anasema: Jumapili mwezi mwandamo utakuwa tarehe 15, bamvua, maji yanakwenda kwa nguvu, hamkuangalia? Maji yakitoka ghubani yanapingana na upepo wa kusi, wimbi linasimama wima, hapo hata ndoo kumi hazisaidii. Anasema tungoje mwezi 22, maji mafu, yasiyo na nguvu, Jumapili ya mbele. Na tuondoke alfajiri tukishasali, kabla kusi halijaamka, turudi kabla ya Adhuhuri.

Zuhra: Na la mwisho nanukuu: "Mie nimekwenda na jahazi mpaka Mafia, sijaona mtu akaweka nyumba juu ya mashua. Paa lile likiwepo, mie sipandi, na mke wangu hapandi, na wajukuu zangu hawapandi."

[hakuna aliyejibu, 14 wamesoma]

Bi Rukia: Mkubwa kashasema.

Zuhra: Ami nimekuelewa. Lakini samaki nimeshalipia Jumapili hii.

Ami Haji: SAMAKI WATIENI BARAFU

Saumu: 😭😭😭

Asha: Mimi Jumapili ya mbele nina zamu.

Shemeji Juma: Na mimi nina harusi Makunduchi.

Khamis Muscat: Si muweke turubai la kukunja? Jua likiwa kali mnatandaza, upepo ukija mnashusha. Halizidi kilo 10.

Makame Fundi: Hilo sawa. Nguzo za mianzi.

Zuhra: Nani analipa?

Zuhra: Nauliza, turubai nani analipa?

IJUMAA

Zuhra: Assalaam alaykum. Ijumaa Kareem. Naomba kila mtu ajibu: 15 au 22?

Bi Rukia: 22

Asha: 15 kwangu

Shemeji Juma: Ijumaa Kareem

Zuhra: Juma jibu.

Mudi: Spana namba 17 iko kwa nani?

Makame Fundi: Kwangu. Njoo baada ya Ijumaa.

Zuhra: Mudi unalishusha paa?

Mudi: Nimeuliza spana.

Bi Rukia: Mungu akuweke mwanangu.

Mudi: Mabomba lakini ni yangu. Yasije yakapotea kama mashine ya 25.

Zuhra: Haya. Na Jumapili tunakwenda au hatuendi?

Mwanajuma: Salaam, ndiyo kwanza nafungua kikundi. Mchango ni shingapi?