Jiko la umeme la kioo: madoa meupe yasiyotoka na plagi inayopata moto

Mpangaji wa Nkuhungu:
Habari zenu wanajukwaa. Nimeachana na mkaa, na sasa napikia jiko la umeme la kioo la sehemu moja, lile ambalo koili yake huwaka nyekundu chini ya kioo na kukubali sufuria yoyote, zikiwemo hizi zetu za alumini. Kwa mapishi sina lawama nalo, ila yako mambo mawili yanayonisumbua.

Kwanza, kioo kimejaa miduara meupe ambayo sabuni haiitoi, na siku hizi naona pia michirizi ya kijivu inayong'aa. Jirani amenishauri nikisugue kwa stilwaya. Pili, nikichemsha maharage kwa muda mrefu, plagi hupata moto kiasi cha kutoshikika, na tundu moja la ekstensheni limeanza kuwa la kahawia. Jiko limeandikwa wati 2000, na birika la umeme linatumia ekstensheni hiyohiyo kwa kuwa soketi ya ukutani iko mbali na meza. Mwenye nyumba anasema plagi kupata moto ni jambo la kawaida. Naomba ushauri wenu.

Fundi umeme, Kisasa:
Nitaanza na plagi, kwa sababu doa halijawahi kuunguza nyumba. Uvuguvugu kidogo baada ya kupika kwa muda mrefu si ajabu, lakini plagi isiyoshikika pamoja na tundu lililobadilika rangi ni dalili kwamba vyuma vya ndani vimelegea na havigusani sawasawa, na mahali hapo pa kugusana vibaya ndipo joto linapozaliwa. Kadiri joto linavyoongezeka ndivyo vyuma vinavyozidi kulegea, mpaka plastiki iyeyuke. Ekstensheni hiyo acha kuitumia leo, wala usiihamishie kwenye friji au televisheni.

Piga hesabu mwenyewe: wati 2000 ukizigawa kwa volti 230 unapata takriban ampea 8.7. Birika nalo likiwa na wati 2000, vikiwashwa pamoja ni zaidi ya ampea 17, ilhali fyuzi ya plagi zetu za miguu mitatu mwisho wake ni ampea 13, na ekstensheni nyingi za bei nafuu zina waya mwembamba usiostahimili hata hizo 13. Kama waya wake uliuacha umeviringwa nyuma ya meza, umeongeza tatizo, maana joto linakosa pa kutokea. Ipo pia tabia ya kuondoa fyuzi iliyokatika na kuweka kipande cha waya mahali pake. Fyuzi ndiyo inayotakiwa kukatika kabla ya waya kuungua, hivyo ukiiziba umeondoa mlinzi.

Suluhisho ni kusogeza meza iende kwenye soketi ya ukutani, au soketi ivutwe hadi penye meza kwa waya wa milimita za mraba 2.5 wenye ethi (waya wa usalama unaopeleka ardhini umeme unaovuja) inayofanya kazi. Kazi hiyo apewe fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na kwa kuwa soketi ni sehemu ya nyumba, una haki ya kuzungumza na mwenye nyumba kuhusu gharama. Siku ukinunua jiko kubwa la sehemu nne, hilo halichomekwi kabisa kwenye soketi ya kawaida. Linavutiwa laini yake pekee kutoka kwenye meni switi, yaani swichi kuu ya nyumba.

Mama wa Kikuyu:
Pole, mwanangu. Hiyo miduara meupe si uchafu wa chakula, ni chumvichumvi ya maji yetu. Maji ya visima vya Dodoma ni magumu. Tazama ndani ya birika lako utaona ganda lilelile. Chini ya sufuria ikibaki na maji kisha ukaiweka kwenye kioo cha moto, maji yanakauka na chokaa inabaki imechora duara. Sabuni haina nguvu juu ya chokaa, ila asidi inayo. Jiko likiwa limepoa na limechomolewa, lowesha kitambaa kwa siki nyeupe au maji ya ndimu, kilaze juu ya doa kwa dakika kama kumi, kisha ufute kwa kitambaa kingine chenye maji safi. Ukiifuta sufuria chini kabla ya kuiweka jikoni, kazi hii utaifanya mara chache sana. Lakini usije ukachanganya siki na jiki kwa kutaka weupe zaidi, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini inayodhuru mapafu.

Michirizi ya kijivu ni alumini yenyewe, inayoachwa na sufuria unapoiburuta. Tengeneza uji mzito wa magadi ya kuokea na maji, sugua taratibu kwa kitambaa laini, na kuanzia sasa inyanyue sufuria badala ya kuisukuma. Stilwaya mwachie jirani. Hata mchanga na majivu tunayosugulia masufuria uani ni hatari, kwa maana chembe ikinasa chini ya sufuria inakwaruza kioo, na pale palipokwaruzika ndipo uchafu unaponasa na ufa unapoweza kuanzia. Kwa usafi wa kila siku, subiri kioo kipoe kabisa ndipo ufute.

Mwalimu wa sayansi kimu, Ipagala:
Shikamoo mama. Nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa, ila kuhusu kusubiri kioo kipoe lipo jambo moja la kutofautisha. Uji wenye sukari, maziwa ya chai au jemu vikimwagika havisubiri, kwa sababu sukari iliyoungua ikipoa hushikamana na kioo kiasi kwamba ukija kuibandua inaweza kutoka na vipande vya kioo. Zima jiko, ondoa sufuria, kisha ukiwa umevaa glovu nene ikwangue sukari ikiwa bado laini, kwa kikwangulio cha wembe kilicholazwa, si kilichosimamishwa. Ugali au mlenda uliomwagika unaweza kusubiri. Maji baridi yasimwagwe juu ya kioo cha moto hata kidogo, kwa sababu kioo kinaweza kupasuka, na kikipata ufa hata mwembamba jiko lisitumike tena, kwani maji yatapenya hadi kwenye umeme.

Mpangaji wa Nkuhungu:
Nawashukuru sana. Ekstensheni nimeiondoa. Swali la nyongeza: umeme ukikatika nikiwa napika, au yuniti za LUKU zikiisha, nifanye nini?

Fundi umeme, Kisasa:
Zima jiko palepale na uchomoe plagi, hata kama unaamini umeme utarudi baada ya dakika chache. Majiko yenye kitufe cha kuzungusha huendelea pale yalipoishia, kwa hiyo umeme unaweza kurudi wewe ukiwa sokoni, ukaja kuikuta sufuria imekauka. Mengi ya yale ya kugusa kwa kidole hubaki yamezimwa, lakini usilifanyie jaribio hilo kwa kutoka nyumbani. Kabla hujaondoka sogeza pia watoto mbali, kwa kuwa kioo kilichoacha kuwaka nyekundu bado kinaweza kuunguza mkono kwa muda mrefu.