Mrejesho: begi moja la mkononi limetosha kabisa

Habari zenu wakuu, mimi ndo yule niliyeuliza kama mtu anaweza kusafiri nje ya nchi na begi dogo tu la kupanda nalo kwenye ndege, bila mzigo wa chini. Nimerudi, inawezekana kabisa!

Ulionisaidia zaidi ni ushauri wa rangi, kila shati liendane na kila suruali, yaani nguo chache zikawa zinazunguka tu, usiku nafua kwenye sinki, naziviringisha ndani ya taulo kavu nalikamua kwa nguvu ndo naanika, asubuhi zimekauka isipokuwa jinzi, hiyo ivae safarini pamoja na viatu vizito.

Vimiminika viwanja vingi bado ni chupa isiyozidi mililita 100, na wanaangalia ukubwa wa chupa siyo kilichobaki ndani, losheni ya mililita 200 iliyobaki robo haipiti. Mimi nilihamia sabuni ya kipande. Pawabenki unapanda nayo mwenyewe, kwenye mzigo wa chini hairuhusiwi.

Begi lipimeni mapema jamani, mashirika mengine mwisho kilo 7. Aliyeniambia nitoe viatu vya ziada, Mungu akubariki sana.