Mrejesho: haramoniki ya megahezi 290 haikutoka redioni

Nawashukuru nyote mlionijibu nilipouliza kwa nini tinySA yangu (kifaa kidogo kinachoonyesha nguvu ya mawimbi ya redio kwenye kila masafa) ilionyesha haramoniki kubwa, yaani wimbi la ziada lenye masafa mara mbili ya yale ya asili, kwenye megahezi 290 kila nilipopima redio ya mkononi ya wati 5 inayorusha kwenye megahezi 145. Niliongeza atenueta (kipunguza nguvu ya mawimbi) ya desibeli 10 juu ya ile ya 40 niliyokuwa nikitumia, kama mlivyoshauri: mawimbi makuu yalishuka desibeli 10, lakini kilele cha 290 kilishuka takribani 20. Kingetoka redioni kingeshuka 10 tu, kwa hiyo hiyo ilikuwa ishara kwamba kilizaliwa ndani ya tinySA yenyewe iliyozidiwa nguvu. Nilipopandisha pia atenueta ya ndani ya tinySA, ambayo nilikuwa nimeiacha sifuri, kilele hicho kilizama kabisa kwenye kelele. Nusura niifungue bure redio nzima! Atenueta ya pili sasa haibanduki.